Upande wa Dada

Katika nyumba ile watu walijua kununa. Kuna familia hutupiana sahani, kuna zinazokunjana mashati mchana na jioni zikala pamoja kama hakuna kilichotokea. Hawa walinuna. Baba yao, Mungu amrehemu, aliwahi kununa miezi miwili kwa sababu ya redio iliyohamishwa dirishani. Mama yao ndiye aliyekuwa bingwa. Alikuwa na uwezo wa kukupakulia chakula, kukufulia shati na kukutandikia kitanda wiki nzima bila kukuambia hata "shika". Watoto wake wawili, Dada na mdogo wake wa kiume, walirithi nyumba, kabati la vyombo na maradhi hayo hayo.

Mdogo mtu alikuwa fundi wa mihuri, na mtaa mzima ulimwita Mihuri. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho. Asubuhi alikuwa kwenye kibanda chake karibu na ofisi za serikali, akipokea kazi: muhuri wa shule, muhuri wa zahanati, muhuri wa mwenyekiti aliyechaguliwa jana na tayari ana kiherehere cha kugonga. Mchana alirudi nyumbani kuichora kwenye kompyuta waliyoinunua yeye na dada yake kwa kuchangiana, enzi za mapatano. Dada alimzidi miaka saba. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Watafiti na mawakili walimletea mahojiano yaliyorekodiwa, naye akavaa hedifoni, akasikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akaandika neno kwa neno, hata vikohozi. Alifanya kazi asubuhi, mdogo wake alifanya mchana, na kompyuta ilikuwa palepale kwenye meza ya sebuleni.

Kisha Mama akaugua.

Ulikuwa uvimbe tumboni. Daktari akasema apasuliwe. Mama akasema hapasuliwi, amefika miaka sabini na miwili na kila kitu chake kiko ndani, kitabaki ndani. Dada alimbembeleza, akamsihi, mwisho akamkaripia kama mtoto. Mama akanuna. Alipelekwa hospitali amenuna, akavalishwa gauni la wodini amenuna, akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali upasuaji huku uso ameugeuzia ukutani.

Siku moja kabla ya upasuaji, jioni, Dada alishuka kununua dawa, na Mihuri akabaki peke yake kando ya kitanda. Mama akamshika kiganja. "Mwambie dada yako nimekubali mwenyewe, kwa moyo wangu," alisema. "Asije akalibeba. Mimi nimenuna tu, mnanijua nilivyo. Kesho nikiamka nitaongea naye."

Ujumbe wenyewe ndio huo, na hata mtoto wa chekechea angeufikisha. Lakini Mihuri alipotoka wodini alikutana na dada yake kwenye korido, na Dada, amechoka, mikono imejaa mifuko, akamgombeza mbele ya wauguzi kwa kusahau shuka la Mama kwa siku ya pili mfululizo. Mihuri akapandwa na hasira. Akajisemea moyoni: ngoja alale nalo leo, nitamwambia kesho. Ndivyo alivyojisemea, sitii chumvi. Alitaka kumnyima dada yake usingizi wa usiku mmoja.

Kesho yake saa tano asubuhi Mama akafia kwenye meza ya upasuaji.

Watu hufanya vioja wakifiwa, na wengi husamehewa. Alichofanya Mihuri hakikuwa kioja. Siku ya msiba, uani pamejaa viti vya kukodi, majirani wamekaa bega kwa bega, alisimama akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mama yetu alikataa. Alikataa mara tatu, nimesikia kwa masikio yangu. Aliyemlazimisha ndiye aliyemuua, na amekaa pale." Akanyoosha kidole. Dada hakujibu. Aliinamisha kichwa, akakunja leso yake mara mbili, mara tatu, mara nne, mpaka ikawa kidonge mkononi.

Kwa nini alisema vile, mwenyewe hakuwahi kujua vizuri. Uchungu ulikuwa mkubwa, na ulitaka mtu wa kuubeba. Alipokaa chini alijua amesema uongo, na ujumbe wa Mama ulikuwa bado kooni. Ila sasa kuutoa kulimaanisha kusimama tena mbele ya watu walewale na kusema mimi ni mwongo. Akaona aahirishe. Kila siku aliyokaa nao ikawa sababu ya kukaa nao siku nyingine, na hivyo ndivyo ilivyotimia miaka mitatu.

Wakanuna, basi, kununa kuliko kote kulikowahi kutokea katika ukoo. Hakuna aliyehama, kwa sababu kuhama ni kushindwa. Waligawana rafu za jikoni, wakagawana kamba za kuanikia nguo, wakagawana saa za kuoga. Ikabaki kompyuta. Wala hawakuzungumza hilo. Kila mmoja kwa wakati wake alikwenda kwa fundi wa kompyuta wa mtaani, mtu mrefu aitwaye Bwana Waya, na kila mmoja akamwambia hataki mwenzake aone mambo yake.

"Hilo jambo dogo," alisema Bwana Waya, na akaja na mkoba wake. Aliigawa diski pande mbili. Upande mmoja ukabaki na Windows, maana programu ya kuchorea mihuri haikujua kufanya kazi kwingine. Upande wa pili akaweka Linux, mfumo wa bure, aliousifu kama mtu anayemsifu mchumba wake. Kompyuta moja, mifumo miwili, kila mmoja na neno lake la siri. Aliye huku haoni ya kule.

"Mkiiwasha," aliwaeleza, akimtazama mmoja kisha mwingine kwa kuwa wenyewe hawakutazamana, "itatokea orodha ya mistari miwili. Itawangoja sekunde kumi. Usipochagua, inaingia yenyewe kwenye mstari uliotangulia."

"Nani ametangulia?" aliuliza Mihuri, akiuliza ukuta.

"Aliyezaliwa kwanza," alijibu Bwana Waya, akacheka peke yake.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Mihuri alikuwa na desturi ya kuwasha kompyuta kisha akaenda kubandika chai. Siku ya kwanza alirudi na kikombe mkononi, akakuta kioo kimeingia upande wa Dada, kinamdai neno la siri asilolijua. Ikabidi azime, awashe upya, asimame pale kama mlinzi. Siku ya tatu alimfuata Bwana Waya, akafundishwa namna ya kuupandisha mstari wake juu. Aliupandisha, akalala usingizi mnono. Kesho yake mchana akakuta mstari wa Dada umerudi juu. Naye alikwenda kufundishwa.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Yeye alipandisha mchana, Dada alipandisha asubuhi. Dada akapunguza muda wa kungoja, sekunde kumi zikawa tano. Mihuri akafanya tatu. Dada akafanya mbili, ikawa Mihuri anakaa mbele ya kioo kidole kiko juu ya kitufe cha mshale, kama mtu anayevizia nzi, na chai yake akawa anainywa imepoa. Alimlaani dada yake kwa sauti ndogo kila siku ya Mungu. Na ukweli ni kwamba hakuna saa aliyoingoja zaidi ya hiyo. Ilikuwa ndiyo habari pekee aliyoipata kutoka mwisho wa pili wa korido: Dada ameamka, Dada amekaa kwenye kiti hiki, Dada bado ana hasira nami. Angekufa kabla ya kukiri hivyo, lakini wakati mwingine alipouona mstari wa Dada juu alitabasamu.

Siku moja, ilikuwa Jumanne, aliwasha na kukaa tayari na kidole chake. Orodha haikutokea. Kompyuta ikaingia moja kwa moja upande wake, kwa upole, bila kuuliza.

Mihuri akabaki kinywa wazi. Kisha akacheka, akapiga meza kofi. Amechoka! Alidhani Dada ameamua kusalimu amri na kuuficha mstari wake kwa kukosa nguvu za kuendelea. Akaenda kubandika chai, akairudia ya moto, akainywa ya moto, na ikamshinda kuimaliza.

Jumatano vilevile. Alhamisi vilevile. Ile furaha ikaanza kumchacha, ila hakutaka kuitazama. Aliona unga kwenye rafu ya Dada haupungui, akasema siku hizi anakula nje, kazi zimemnyookea. Alimwona Shangazi, dada wa marehemu baba yao, akipita korido na kikapu mara moja, mara mbili, akamwamkia, "Shikamoo Shangazi," naye akaitikia, "Marahaba," akasimama kidogo kama aliyesahau kitu, kisha akaenda zake. Mihuri hakuuliza amefuata nini. Mambo ya upande wa pili hayakumhusu.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Bwana Waya alipita kibandani kuchukua muhuri wa duka lake. Mihuri alikuwa ameungoja wakati huo. Aliufuta muhuri wino, akamkabidhi, akaegemea kaunta.

"Nimemshinda," alisema.

"Nani?"

"Dada. Siku ya kumi na moja leo. Mstari wake sijauona. Amekubali yaishe."

Bwana Waya alikuwa akiujaribu muhuri kwenye kipande cha gazeti. Akaacha. "Kaka," alisema, "hujaambiwa?"

"Nimeambiwa nini?"

"Mstari haupo kwa sababu upande haupo. Aliniita Jumanne ile asubuhi. Akaniambia nifute wote, diski nzima nikupe wewe. Nikamuuliza, na kazi zako? Akasema nimeshazikabidhi kwa wenyewe. Alisema michoro yako inabanana, unahitaji nafasi." Akauweka muhuri kwenye kaunta. "Alikuwa amekaa kwenye kochi, amejifunika blanketi, na jua lile. Shangazi yenu ndiye aliyenifungulia mlango. Nikadhani mmepatana. Nikadhani unajua."

"Najua nini?"

"Saratani ya kongosho, kaka. Amelazwa tangu Jumatatu."

Mihuri alimtazama kama hakusikia, kisha akauliza swali la kijinga kuliko yote aliyowahi kuuliza maishani. "Jumatatu ipi?"

"Hii iliyopita. Leo siku ya tano."

Siku tano. Kwa siku tano alikuwa ameishi peke yake katika nyumba ile, ameingia na kutoka, amepita mbele ya mlango wake na kuukazia uso, amepandisha redio makusudi ili imkere, na ndani hapakuwa na mtu. Alikuwa akiununia mlango.

Hakufunga kibanda, aliyekifunga ni Bwana Waya. Mihuri alikwenda mbio hadi nyumbani, sijui alitaka kuhakikisha nini, akaufungua mlango wa Dada kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Dirisha limefungwa, hewa nzito. Jozi tatu za viatu zimepangwa ukutani, na juu ya meza karatasi zimefungwa kamba, kila furushi limeandikwa jina la mwenyewe kwa mwandiko wa Dada ulionyooka. Hapakuwa na kitu cha mtu anayetarajia kurudi. Akakaa sakafuni, akalia kwa sauti. Alilia kama hakuwahi kumlilia Mama, kwa sababu siku ile ya Mama alikuwa na mtu wa kumnyooshea kidole.

Saa kumi jioni, saa ya kutazama wagonjwa, alikuwa mlangoni mwa wodi ya wanawake. Muuguzi akamuuliza yeye ni nani wa mgonjwa.

"Mdogo wake. Tumbo moja."

Muuguzi akashusha macho kwenye faili, akayainua. "Hapa pameandikwa ndugu wa karibu ni shangazi."

"Mimi ndiye wa karibu," alisema Mihuri. Muuguzi akampisha.

Shangazi alikuwa kwenye stuli, anamlainisha Dada midomo kwa pamba iliyoloa. Alimwona Mihuri, hakuonyesha kushangaa wala kufurahi. "Umekuja," alisema. "Mara nne nimepita pale kwenu. Nilikungoja uniulize hata nimebeba nini kikapuni."

"Shangazi, nisamehe."

"Mimi hujanikosea." Akasimama kwa shida, akashika kiuno, akatoka.

Dada alikuwa amekonda hata Mihuri akatafuta uso wake ndani ya uso ule. Ngozi imekuwa ya manjano, mikono imelala juu ya shuka kama si yake. Lakini macho yalikuwa yaleyale, ya mtu anayesikiliza.  Mihuri akaketi kwenye stuli ya Shangazi.

"Kompyuta inakwendaje?" aliuliza Dada. Sauti ilikuwa ndogo, na hayo ndiyo maneno ya kwanza kumwambia tangu msiba.

"Dada, achana na kompyuta."

"Sasa michoro yako itaenea."

"Dada, nina ujumbe wako." Akapiga magoti ili mdomo wake uwe karibu na sikio lake. "Wa Mama. Alinipa jioni ile, ulipokwenda kununua dawa. Alisema nikuambie." Akashika ukingo wa kitanda. "Alisema, mwambie dada yako nimekubali mwenyewe, kwa moyo wangu. Asije akalibeba. Mimi nimenuna tu, mnanijua nilivyo. Kesho nikiamka nitaongea naye."

 Kwenye kitanda cha jirani mgonjwa alikohoa.

"Rudia," alisema Dada.

Akarudia.

"Alisema 'mwenyewe', au alisema 'nimekubali' tu?"

"Alisema mwenyewe. Nimekubali mwenyewe, kwa moyo wangu."

"Rudia tena. Polepole."

Alirudia mara ya tatu, mara ya nne. Mara ya tano midomo ya Dada ilikuwa ikimfuata, neno kwa neno, na machozi yalikuwa yakimtelemkia pembeni yakiingia masikioni, naye hakuwa na nguvu ya kuyafuta. Mihuri akayafuta kwa mkono wa shati lake. Aliona kitu kinalegea katika paji la uso lile, mkunjo ambao kwa miaka mitatu aliuona kwa mbali na kuuita kiburi. Na kwa kitambo kidogo alidhani mambo yamekwisha, kwamba amesamehewa.

"Umekuwa na maneno haya muda wote huu," alisema Dada. Hakuuliza.

"Ndiyo."

"Siku ile uliponinyooshea kidole, ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

Dada akafumba macho. Mihuri akangoja. Angemtukana angeshukuru. Angemtemea mate angeshukuru. Kimya kilichofuata alikijua, amezaliwa ndani yake, na hakuweza kutambua kama ni kununa au ni uchovu wa mgonjwa.

"Mimi nilikuamini," alisema Dada mwishowe, macho yamefumba. "Ndiyo maana sikujibu. Nilikaa mle chumbani nikasema mdogo wangu amesema kweli." Akapumua, akapumzika, akapumua. "Haya. Nimesikia. Lakini mimi ni mmoja. Siku ile walisikia wangapi?"

"Wengi, Dada."

"Nyumba ngapi?"

Mihuri akahesabu kichwani, uso kwa uso, viti kwa viti. "Nyumba tisa za mtaani. Na Shangazi."

"Basi," alisema Dada, na kwa mara ya kwanza akakigeuza kichwa upande wa pili.

Shangazi aliambiwa palepale kwenye korido. Alisikiliza hadi mwisho, mkono mdomoni, kisha akasema, "Nenda. Mimi niko naye," na hakuongeza kitu.

Jumamosi saa mbili asubuhi Mihuri alikuwa mlangoni mwa nyumba ya kwanza, ya fundi cherehani anayetazamana nao. Fundi alidhani amekuja kwa suruali yake. "Si suruali," alisema Mihuri. "Nimekuja kufuta neno." Akasema yote, amesimama, kofia mkononi: alichoambiwa na Mama, alichosema msibani, na kwamba kati ya hayo mawili mwongo alikuwa yeye. Fundi cherehani alikohoa, akatazama chini, akasema mambo ya zamani hayo. Mke wake hakuwa mpole hivyo. "Mimi tangu siku ile sikumwalika dada yako hapa ndani," alisema. "Nilimwona kila siku anapita. Nilimpa kisogo kwa ajili ya maneno yako wewe."

Hilo Mihuri hakuwa amelifikiria. Katika nyumba ya pili walimwambia vilevile kwa namna nyingine. Katika nyumba ya tatu kijana wa mwenye nyumba alisema waziwazi kwamba wao watoto walimwita dada yake "muuaji wa mama" na kukimbia akitokea. Miaka mitatu Mihuri alidhani dada yake amejifungia kwa kununa. Kumbe nje hapakuwa na mlango uliofunguka. Alitoka nyumba ile akaegemea ukuta wa jirani, kisha akaenda ya nne.

Katika ya nne hawakumkaribisha kuketi. Katika ya tano mama mmoja alilia na kumwombea. Alikuwa na haraka. Alitaka saa kumi awe wodini, amwambie Dada nimemaliza, zote tisa, na nyumba ya tatu wanakusalimu, na mke wa fundi anataka kuja kukutazama. Alikuwa amepanga hata namna ya kumwigizia mke wa fundi, maana zamani, kabla ya haya yote, alikuwa akimchekesha Dada kwa kuwaigiza majirani hadi anashika mbavu.

Alikuwa katika nyumba ya sita, kwa mwalimu mstaafu, amefika pale Mama aliposema asije akalibeba, simu ilipoita mfukoni. Aliitazama. Alikuwa Shangazi.

Shangazi hakuzunguka. "Ametutoka, baba," alisema. "Sasa hivi, saa nane na robo. Nilikuwa nimemshika."

"Alisema kitu?"

"Tangu jana jioni hakusema."

Mihuri alishusha simu. Mwalimu mstaafu alikuwa ameelewa, ameshasimama, anamshika bega amketishe. Mihuri aliketi. Alikaa pale muda asioujua, mikono juu ya magoti, mwalimu akimsemesha maneno ya kufariji ambayo hayakuingia. Jambo moja tu lilimzunguka kichwani: hatajua. Kama kichwa kile kilichogeuka upande wa pili kilikuwa kimemsamehe au kimemnunia, hatajua kamwe, na kosa la kutojua ni lake. Kisha akainuka. Akamwambia mwalimu, "Sikumaliza," akayasema yaliyobaki hadi mwisho. Akaaga, akatoka kwenye jua.

Nyumba ya saba ilikuwa ya mama mwenye duka la vitabu vya shule. Habari mbaya ina miguu mirefu. Mama yule alikuwa tayari barabarani, mikono kichwani, anamjia. "Jamani, pole! Pole, mwanangu! Dada yako!" Akataka kumkumbatia.

Mihuri akarudi nyuma hatua moja, akanyoosha viganja vyote viwili mbele yake. "Subiri kwanza, mama," alisema. "Pole usinipe bado. Nina maneno, na ukishayasikia uamue mwenyewe kama utanipa."

Akayasema palepale barabarani, watu wakipita. Alipomaliza, mama yule alikuwa ameshusha mikono. 

"Na yeye aliyasikia haya?"

"Jana jioni."

"Akasemaje?"

Mihuri alitazama upande wa nyumba ya nane. "Alinituma kwenu," alisema.